Bwana Glavu

Wanafunzi walimwita Bwana Glavu, naye alijua, wala hakukasirika. Mtu anayeshinda maabara mikono imevikwa mpira kutwa nzima ategemee kuitwa nani? Kila kundi jipya aliliambia neno lile lile: "Adui wa kazi hii ni vidole vyenu." Alikuwa akitafuta RNA, yaani zile amri ndogo ndogo ambazo mmea unajitumia wenyewe ndani kwa ndani, na amri hizo huharibika upesi kuliko maziwa juani. Jasho kidogo la kidole au tone la mate, basi, zimekatika vipande vipande. Kwa hiyo hakutaka mtu aongee mezani kwake, hakutaka mtu aguse kitu, na baada ya miaka ya kukatazwa watu wakaacha hata kuingia. Mfagiaji alimsalimu kupitia kioo cha mlango.

Mmea wenyewe ulikuwa mkonge, na kwa kazi hii mkonge ni mkorofi hasa. Jani limejaa nyuzi, na ukilisaga linatoa ute unaonata. Ute huo unaing'ang'ania RNA, nawe ukidhani umepata ulichotaka unajikuta umeshika makamasi ya kahawia. Miaka yote Bwana Glavu alikuwa akipata makamasi. Sasa mche mmoja shambani, uliobaki mzima wakati wenzake wote wameoza shina, ulikuwa umetoa mlingoti wa maua, na mkonge ukishachanua umeaga. Alitaka kujua mche ule ulikuwa ukijiambia nini hata ugonjwa ukaushindwa. Majani machanga yaliyobaki moyoni yalitosha jaribio moja tu. Naitrojeni ya kimiminika ya kuyagandishia ilifika siku ile ile binti yake aliyokuwa anasafiri, na naitrojeni haiwekeki. Inafuka tu mpaka chombo kinabaki kitupu.

"Sitaweza kukusindikiza," alimwambia kwenye simu.

"Nilijua, baba. Nitapita mimi."

Binti huyo alikuwa wa pekee, na alikuwa anamfuata mumewe ng'ambo, kwenda kuishi, si kutembea. Mama yake, enzi za uhai wake, alizoea kusema kwamba ameolewa uke wenza na mkonge. Wote watatu walicheka, ingawa mama mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka.

Binti alipogonga kioo, baba alikuwa ameshamaliza kusaga. Vichupa vilikuwa ndani ya mashine, mashine inazunguka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na la kufanya ila kungoja. Akausukuma mlango kwa kiwiko, akatoka koridoni mikono juu, kama mwizi aliyeamriwa asimame.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari liko nje?"

"Linasubiri."

"Leo nimeongeza chumvi kabla ya kuzungusha," akasema kwa furaha nyuma ya barakoa. "Ute ukikubali kubaki chini, basi kule juu..."

"Baba."

Binti akamkumbatia. Alimbana kwa nguvu, uso ameuzika kwenye koti lake jeupe, akakaa hivyo. Baba akasimama wima, mikono juu ya kichwa cha mwanawe, vidole vimetanuka hewani, akichunga visiguse nywele. Alitaka kumshika. Alitaka sana, mpaka mabega yakamuuma. Lakini glavu zilikuwa safi.

"Hata leo?" binti akauliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Mashine inakaribia kusimama, mwanangu."

Binti akajitoa polepole, akampapasa paji la uso kwa kiganja. "Haya, baba. Ikija safi uniambie." Viatu vyake vilisikika mpaka kwenye ngazi, halafu havikusikika tena.

Na ilikuja safi. Jua lilipokuwa linazama aliwasha taa ya zambarau chini ya kipande cha jeli alimopitishia RNA yake, na mistari miwili ikajitokeza, mikali, haina ukungu wala haikuvuja pembeni. Miaka yote ile aliwahi kuiona hivyo kwenye picha za watu wengine tu. "Imekuja!" akasema kwa sauti, akageuka nyuma. Kulikuwa na meza, viti, na kioo cha mlango kilichopanguswa vizuri.

Akavua glavu, akazitupa kwenye pipa, akapiga simu. Mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwamba namba ile haipatikani. Bila shaka haipatikani, ndege ilishaondoka.

Akarudi kazini, maana sampuli hazijihifadhi zenyewe. Akanyoosha mkono kwenye boksi, akachomoa glavu mpya, akaingiza vidole viwili, akasimama hapo hapo.

Siku ile peke yake alikuwa amebadilisha glavu kila aliposhika kitasa, kila alipojikuna, hata alipopiga chafya. Unavua, unatupa, unavaa nyingine. Aliwafundisha wanafunzi wafanye hivyo bila kufikiri, na mwenyewe alifanya bila kufikiri.

Boksi bado lilikuwa na glavu tele. Lilikuwa pale pale mezani tangu asubuhi, karibu na mlango ambao binti yake aliugonga.