Mafuta ya Baba Mkwe

Kuna doa la chai, doa la jasho, doa la damu na doa la mchuzi, na yote hayo Dobi aliyamudu. Jirani angemletea hata shati lililomwagikiwa wino, yeye angelinyanyua kwenye mwanga, angeguna, na baada ya siku mbili shati lingerudi kwa mwenyewe kama jipya. Doa moja tu ndilo lililomtoa jasho. Na doa hilo lilikuwa likitengenezwa nyumbani kwake mwenyewe, kila jioni, na mtu ambaye hakuweza kumfokea.

Mtu huyo alikuwa baba wa mumewe. Mzee alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha nyuzi, na kazi yake ilikuwa kuzunguka na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, akizinywesha mashine. Hakusokota uzi, hakubeba marobota, hakugusa kitu kingine. Mashine ikikosa mafuta inakwama, ikikwama watu wanasimama, watu wakisimama bosi anapandisha mori. Basi mzee akatoka kiwandani na imani moja kubwa, kwamba hakuna chombo kilichowahi kuharibika kwa kushiba. Alipostaafu akaja kukaa kwa mwanawe, akiwa na kopo lake mkononi, na alichokikuta huko ni bawaba za milango na baiskeli ya mkwewe. Bawaba alizimaliza wiki ya kwanza.

Sasa, mashine za kiwandani zinakaa ndani, sakafu imefagiliwa, vumbi linachungwa mlangoni. Baiskeli ya Dobi ilikuwa inashinda barabarani. Kila jioni ilirudi imevaa vumbi kuanzia rimu hadi usukani, na kila jioni mzee alichuchumaa kando yake akamimina. Hakufuta kabla, hakufuta baada. Mafuta yalikutana na vumbi yakawa uji mweusi, uji ukajaa kwenye meno ya gurudumu, na baiskeli ikitembea ukaruka kila upande. Tena kile kifuniko cha mnyororo, ambacho kingesaidia walau kidogo, mzee alikifungua akakitupa stoo, kwa sababu kilimzuia kupitisha mdomo wa kopo.

Na nyuma ya baiskeli hiyo, juu ya keria, Dobi alikuwa anabeba mashuka meupe.

Yalikuwa mashuka ya nyumba ya wageni iliyo upande wa pili wa mji. Nguo za majirani zilikuwa za kuongezea chumvi tu. Mashuka yale ndiyo yaliyomfanya aitwe Dobi. Aliyafua, akayaanika, akayapiga pasi hadi yakakunjika kwa mistari, akayafunga kwa nailoni na juu yake kitambaa kizito. Lakini mafuta ni mafuta. Yalilowanisha kitambaa, yakapita pale nailoni ilipokutana, yakamngoja kwenye fundo ili akilifungua yampande vidoleni.

"Hii nini?" meneja wa nyumba ya wageni aliuliza siku moja, amesimama katikati ya chumba cha kuhifadhia matandiko, ameshika pembe ya shuka kwa vidole viwili.

"Nitalirudia, mama. Ni bahati mbaya."

"Mara ya mwisho pia ilikuwa bahati mbaya. Mgeni akiona hivi atasema tumemlaza alipolala fundi gereji." Meneja alilikunja shuka akamrudishia. "Dobi, kazi yako naipenda, lakini likija doa lingine usijisumbue kurudi. Nitatafuta mtu mwingine."

Njia nzima ya kurudi Dobi alikanyaga pedali kwa hasira, na kadiri alivyokanyaga kwa nguvu ndivyo uji ulivyozidi kumrukia sketi.

Mumewe alikuwa kinyozi. Alikuwa na mdomo mwepesi, mteja hakai kitini kabla hajaambiwa kichwa chake kimekaa upande. Dobi alimsubiri mlangoni.

"Mwambie baba yako aache kuipaka mafuta baiskeli yangu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipata upenyo."

"Upenyo gani? Mchana kutwa unawatania watu wazima na wembe uko shingoni mwao!"

"Wateja wangu hawakunichapa utotoni," kinyozi alisema, akaingia bafuni akajifungia.

Na Dobi mwenyewe je? Aliona ulimi unakuwa mzito. Hakulelewa kumkosoa baba mkwe. Alilelewa kumpokea mzigo, kumpashia maji ya kuoga, kumwitikia akiwa ameinama kidogo. Kila jioni mzee aliponyanyuka akijishika kiuno na kusema, "Tayari mwanangu, sasa itateleza yenyewe," Dobi alijibu, "Asante, baba," halafu akaenda jikoni kuvigombeza vyombo.

Akajaribu njia za panya. Akalificha kopo nyuma ya pipa la maji. Mzee hakuuliza wala hakulalamika. Alichukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akatoboa kizibo, akajaza mafuta ya kupikia. Asubuhi mnyororo ulikuwa unanata, na sisimizi walikuwa wameshapata habari. Dobi alilitoa kopo mwenyewe, akajifanya ameliokota.

"Una macho makali, mwanangu," mzee alimsifu.

Siku moja kabla ya kupeleka mashuka, mzee akatoka kwenda kumjulia hali rafiki yake. Dobi hakupoteza muda. Aliigeuza baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani juu ya gunia kuukuu, akakunja mikono ya blauzi. Kwake uchafu wote ulikuwa na kanuni moja: unatoa kwanza, ndipo unatia. Hakuna dobi anayetia wanga kwenye kola chafu.

Akachukua kijiti akachokonoa ule uji kwenye meno ya gurudumu. Ulitoka mapande mapande. Akamwaga mafuta ya taa kidogo ndani ya mkebe, akachovya mswaki wa zamani, akausugua mnyororo juu, chini na ubavuni huku akizungusha pedali kwa mkono mwingine. Akafuta kwa tambara. Tambara likatoka jeusi. Akasugua tena, akafuta tena, mpaka tambara likatoka na rangi yake. Fremu na rimu akazipitishia kitambaa chenye maji ya sabuni, kilichokamuliwa vizuri, maana ukimwaga maji kwa ndoo yanaingia kwenye ekseli na huko hayatoki. Akaiacha ikauke kivulini. Ndipo akatia mafuta, tone moja kwenye kila kiungo cha mnyororo na si zaidi, akazungusha, akasubiri yazame, akafuta yote yaliyobaki nje. Yaliyoingia ndani ndiyo yanayofanya kazi. Ya nje kazi yake ni kukamata vumbi tu.

Alipozungusha pedali mara ya mwisho gurudumu lilikwenda bila hata mnong'ono. Aliupapasa mnyororo kwa kidole, akakitazama. Kidole kilikuwa safi. Dobi alicheka peke yake uani, akaingia ndani kumalizia kupiga pasi.

Alipotoka, mzee alikuwa amesharudi. Amechuchumaa, kopo limeinama, sakafu chini ya baiskeli inang'aa.

"Mwanangu! Nimeikuta imekauka hii, utafikiri mfupa. Kidogo tu ingekufia njiani. Lakini nimeiwahi."

Dobi alifungua mdomo. Alitaka kupiga yowe. Alitaka kulichukua lile kopo alirushe juu ya paa la jirani. Machozi ya hasira yakamlenga, na kilichotoka, Mungu wangu, kilikuwa kile kile.

"Asante, baba."

Asubuhi alifuta kwa tambara, kisha kwa gazeti, kisha kwa upindo wa kanga yake mwenyewe, lakini kila alipozungusha pedali mafuta mengine yalichuruzika kutoka ndani. Saa ya kupeleka mzigo ikafika. Alifunga nailoni maradufu, akaenda taratibu, akiomba moyoni. Katika chumba cha matandiko meneja alifungua shuka moja moja. Yote yalikuwa safi. Zikaja foronya. Juu ya foronya ya mwisho palikuwa na doa dogo, jeusi, mviringo.

Meneja hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma. Alihesabu alichopaswa kumlipa, akampa pamoja na ile foronya, akamfungulia mlango.

Nyumbani mzee alinyanyuka kuipokea baiskeli, kopo mkononi. Kinyozi alikuwa kibarazani anakunywa chai.

"Usiiguse, baba."

Mzee akasimama. Hakuwahi kumsikia kwa sauti ile.

"Wamenifukuza," Dobi alisema. "Kwa sababu ya mafuta. Mafuta unayoyamwaga kila siku juu ya uchafu, yananirukia kwenye mashuka ya watu. Kazi imekwisha, baba. Hii hapa." Akamtupia foronya kifuani.

Kinyozi alizitazama ndara zake kwa makini ya ajabu.

Mzee aliigeuza foronya akaliona doa. Akalisugua kwa dole gumba ili alitoe. Dole lenyewe lilikuwa na mafuta, likaacha doa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza. "Siku zote hizi, kila jioni, ulikuwa unaniambia asante."

Dobi aliiegemeza baiskeli ukutani. Alimkasirikia mzee, akamkasirikia kinyozi na ndara zake, na aliyebaki wa kukasirikiwa alikuwa yeye mwenyewe, hapo hasira ikawa nzito zaidi ya zote.

"Sasa nakuambia," alisema mwishowe. "Ikirudi, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Mafuta usitie mpaka imenyeshewa, au mpaka mnyororo ulie. Na ukitia, tone tone, halafu ufute."

"Mpaka ulie," mzee alirudia, akiyashika maneno vizuri.

Na kweli aliyashika. Kila jioni alifuta baiskeli spoku kwa spoku, akakirudisha kifuniko cha mnyororo mahali pake, kisha akachuchumaa, akazungusha pedali na kutega sikio. "Bado," alikuwa akisema, na kuliweka kopo chini. Wakati huo Dobi alikuwa ametoka kuzunguka mji mzima, keria tupu, akibisha kwenye kila nyumba ya wageni na kila zahanati. Kote aliambiwa aache namba yake ya simu.

Wiki zikapita, mvua haikunyesha, na jioni moja mzee alimwita kwa upole, kama anayeogopa kukosea tena.

"Mwanangu, nimefanya yote uliyosema. Mbona hailii?"

Dobi aliegemea mlango. Alitafuta hasira yake ya zamani akaikosa, na hilo nalo lilimkera.

"Haibebi kitu, baba," alisema. "Ilie kwa mzigo gani?"

Mzee aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akazungusha pedali tena, polepole, sikio karibu na mnyororo.