Pampu ya Tatu

Siku ya mafuriko, mitambo yote ya maji taka ya mji wetu niliiendesha mimi peke yangu. Haya, niseme vizuri: ilijiendesha yenyewe. Mimi nilikuwa na ufagio.

Mimi ni mfagiaji pale. Daraja lilifunikwa na maji, wenye zamu wakabaki ng'ambo pamoja na mhandisi wetu, tunamwita Miwani. Umeme ulipokatika nikaanza kuhesabu, maana sifa za jenereta ile, kwamba hujiwasha yenyewe, nilizisikia siku nyingi. Kabla sijafika kumi ikakohoa, ikawaka. Nikazunguka nyuma kuangalia kama kuna mtu kajificha. Hakuna.

Simu ikalia.

"Bibi, mtandao umekatika, kompyuta yangu haioni kitu," Miwani akasema. "Niangalizie. Pampu ngapi zinafanya kazi?"

"Mbili."

"Na maji shimoni?"

"Yamegusa mstari mwekundu."

"Hapo ya tatu ilitakiwa iwe imeshajiwasha. Yakipita hapo, uchafu unarudi na mabomba, unatokea vyooni kwa watu wa bondeni."

Bondeni ndiko anakokaa binti yangu, amejifungua juzi tu. Utani ukaniisha.

"Kuna mtu amegusa kabati la swichi?"

"Aguse nani, mwanangu? Niko na mvua tu hapa."

Nikaenda kabatini na simu sikioni. Kila pampu ina swichi yake ya kuzungusha: otomatiki, zima, mkono. Mbili zilielekea otomatiki. Ya tatu ilielekea zima. Asubuhi nilikuwa nafuta vumbi humo, na nyinyi siwafichi, niliizungusha kidogo nisikie inaliaje. Inalia "tak". Tamu kweli.

Nikairudisha. Tak. Chini kukanguruma, sakafu ikanitekenya nyayo. Nikakimbilia shimoni, kwa mbio zangu hizi za magoti mabovu, nikainama. Mstari mwekundu ukachungulia, mwembamba kama uzi, kisha mpana kama mkanda.

"Imewaka," nikasema.

"Imewakaje?"

"Si mliiambia ijiwashe? Ilikuwa inafikiria kwanza."

Akacheka, nikasikia pumzi zikimshuka. "Labda kile kielea cha kupima maji kilikwama."

"Kilikwama sana. Hata mimi nilikiona."

Ningekata simu hapo ningekuwa na akili. Nikabaki naulizauliza mashine inajuaje kama maji yamepanda, mpaka Miwani akasema, "Ah, mtandao umerudi." Kisha akaanza kusoma polepole, kama mwalimu anayesoma matokeo.

"Pampu ya tatu. Swichi imetolewa otomatiki, ikawekwa zima, saa nne na dakika saba asubuhi. Imerudishwa otomatiki saa nane na dakika kumi na mbili."

"Kumbe inajua kuandika?"

"Kila kitu inaandika, Bibi. Saa nne alikuwepo nani hapo?"

"Paka."

"Kabati lina kufuli. Paka alilifunguaje?"

Nikautazama ufunguo unaoning'inia kifuani kwangu.

"Nilimwazima," nikasema.