Risasi Niliyoikataa

Mimi si mtu wa kutoa asante ovyo, na shemeji yangu Verlyn Tveit nimemnunia miaka mingi kwa sababu nzuri tu. Lakini hili la Novemba nitalisema, maana nisipolisema litanikaa kooni.

Koyote, wale mbweha wakubwa wa huku kwetu, walikuwa wananimaliza. Baada ya kuuza wana-kondoo nilibakiza majike wachanga arobaini wa kuendeleza kundi, na kufikia mwisho wa Oktoba wale mbweha walikuwa wameshakula kumi na mmoja. Kila asubuhi namwona dume mmoja amesimama ukingoni mwa korongo, mita mia na hamsini hivi, ananitazama kana kwamba namcheleweshea chai. Napiga, nakosa, anaondoka taratibu. Hata kukimbia hakimbii, mjeuri yule.

Binti yangu Karna, anayeishi Rapid City, alipiga simu akaniuliza nitahangaika mpaka lini. Nikajikuta namwahidi kwamba wakiendelea kuliwa mpaka Siku ya Shukrani, sikukuu yetu ya mwishoni mwa Novemba, nauza kundi lote na kuhamia kwake. Nilipokata simu nilikaa jikoni nikalia. Kondoo wale tulianza nao mimi na marehemu mume wangu, Delmar, mwaka tuliooana.

Nikajiambia tatizo ni risasi. Bunduki yangu ilikuwa ya Delmar, ile tunayoiita thelathini-sita, yenye risasi kubwa. Nikaenda mgahawani mjini, wanakokaa wanaume kunywa kahawa saa nne asubuhi, nikauliza nitumie risasi ya namba gani, moja itakayofaa kwa koyote na kwa kulungu. Kuuliza swali hilo pale ni kuchokoza nyuki.

"Mbili-sabini," akasema Gaylen, fundi wa matrekta. "Inakwenda imenyooka kama rula."

"Kwa koyote? Atabaki kuokota manyoya," akajibu Orrin, jirani yangu. "Achukue ile mpya ya sita-nukta-tano."

"Ile ya vijana wanaochana ndevu?" akauliza Gaylen.

Verlyn, ndugu yake Delmar, alikuwa pembeni anakoroga kikombe. Akasema bila kuinua kichwa, "Mpeni mbili-arobaini-na-tatu."

Mgahawa mzima ukacheka. Hiyo ndiyo risasi tunayowapa watoto wanapoanza kuwinda.

"Ukiinunua, Ardis, nitakuletea na chupa ya maziwa," akasema Gaylen.

"Shemeji, kunywa kahawa yako uniache," nikamwambia Verlyn. Mimi nimewinda tangu nina miaka kumi na mbili. Sikuwa na haja ya bunduki ya kitoto.

Kesho yake akanipigia simu. "Njoo na bunduki yako. Tuone kama darubini yake ya kulengea imehama."

Nikaenda. Nyuma ya banda lake alikuwa amebandika sahani ya karatasi kwenye robota la nyasi kavu. Akasema bega langu ni bovu, kwa hiyo kujaza risasi atajaza yeye. Ni kweli, kondoo dume alinivunja bega miaka minne iliyopita. Nikapiga ya kwanza, nikaikosa sahani. Akaichukua bunduki, akafungua, akafunga, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta.

Tik. Hakukuwa na mlio. Lakini mtutu ulishuka ghafla kama umevutwa na kamba, na mimi nilikuwa nimefumba macho yote mawili na kukunja uso kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Umenifanyia nini?"

"Nimekupa bunduki tupu."

Kwetu huo ni mtego wa kumfundishia mtoto. Mwanamke wa miaka sitini na tatu hafanyiwi hivyo. Nilimwita mshenzi na mengine ambayo siyaandiki.

"Sawa, mimi mshenzi," akasema. "Lakini umefumba macho, shemeji. Unaiogopa bunduki yako."

Nikaitupa bunduki kwenye pikapu, nikaingia, nikafunga mlango kwa nguvu. Verlyn akaja dirishani.

"Nenda basi. Karna ameshakuandalia chumba?"

Nilibaki na ufunguo mkononi. Alikuwa amesema kweli, na niliijua. Tangu nivunjike, bega lilikuwa likiniuma kabla hata sijavuta. Nikashuka.

Akaleta mbili-arobaini-na-tatu yake mwenyewe, kitako kimechakaa. Teke lake inaporudi nyuma lilikuwa kama mtu amekugusa bega umpishe. Nilipiga tano, na matundu yote matano ungeyafunika kwa kikombe cha kahawa.

"Basi ninunue vichwa vya risasi vyepesi kwa koyote na vizito kwa kulungu," nikasema.

"Hapana. Kila kimoja kinagonga mahali pake, na wewe utasahau umejaza kipi. Halafu chepesi kinapasuka juu ya mfupa, kulungu anakwenda na kidonda kutwa nzima. Tumia kizito kwa wote."

"Si kitaharibu ngozi ya koyote?"

"Unashona koti?"

Alikuwa ameshanitengenezea risasi arobaini kwenye meza yake ya baruti, na ile bunduki akaniazima.

Jumamosi nilipiga kulungu dume kwenye geti la shamba la majani. Alipiga hatua mbili akalala. Jumatano, siku moja kabla ya Shukrani, yule koyote alikuja ukingoni kama kawaida yake. Safari hii nilimwona kwenye darubini tangu mwanzo mpaka alipoanguka, kwa sababu macho yalikuwa wazi. Nikahesabu majike wangu, ishirini na tisa, wote wazima. Nikampigia Karna nikamwambia sihami.

Alhamisi nikampelekea Verlyn minofu ya mgongo wa yule kulungu, ile tunayoipenda wote.

"Asante," nikamwambia. "Ungeninyamazia, leo ningekuwa nafunga masanduku."

Akaipokea nyama. "Usinishukuru mimi. Ni Delmar. Hospitalini, wiki ile ya mwisho, aliniambia, 'Ardis anafumba macho. Mimi nimeshindwa kumwambia, mwambie wewe.'"

"Na umekaa nalo karibu miaka miwili?"

"Nilikuogopa."

Nikakaa kwenye ngazi yake, nikacheka, na machozi yakatoka. Misimu miwili ya kuwinda baada ya bega kuvunjika, Delmar alilala kwenye nyasi kando yangu na darubini yake mkononi. Kila nilipokosa alisema, "Upepo huo, mke wangu," na mimi nikaamini, hata siku ambazo hakuna jani lililotikisika.