Moto wa Betri ya Mathew

Jumamosi moja ya mwaka 1996, saa nane mchana, fundi Ogola aliketi kwenye kigoda nje ya jiko la Chepkurui, pale Merigi, akapasha kisu kwenye makaa na kuanza kukata lami iliyoziba betri. Ilikuwa betri ya lori, nzito, yenye vyumba sita, na kwa miaka miwili ilikuwa imewasha televisheni ndogo ya sebuleni bila kinyongo. Sasa hata ikipelekwa Longisa kuchajiwa siku mbili nzima, ilirudi na moto wa dakika kumi. Taarifa ya habari ilikatika kabla ya kufika kwenye hali ya hewa.

Betri hiyo ndiyo kitu pekee ambacho kiwanda cha chai kilimpa Chepkurui mumewe alipokufa. Mathew alikuwa dereva wa lori la kubeba majani chai. Mwaka 1994 lori lilimshinda kwenye mteremko, likaangukia bondeni. Kiwanda kikaleta mwili, kofia yake, na betri, kikisema betri ni chakavu, mama achukue tu. Kikaleta na neno moja pia: pombe.

Clifford, karani wa magari, ndiye aliyefika wa kwanza kwenye ajali. Aliandika katika ripoti kwamba dereva, kabla ya kukata roho, alikiri kwa mdomo wake, "Ni pombe." Jamani, Mathew hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe! Alikunywa mursik, yale maziwa ya kibuyu, na chai, basi. Lakini ripoti ni ripoti. Pasta Johana aliisoma, akaandika neno lile kwenye kitabu cha kanisa, kando ya jina la Mathew, na marehemu akazikwa bila wimbo wala maombi, maana kanisa lile halimwimbii mlevi. Chepkurui alimzika akiwa na mashemeji wawili tu. Kilichomuuma hasa ni kwamba hao mashemeji walikuwa na haraka.

Tangu siku hiyo aliomba jambo moja tu: neno lile lifutwe, na pasta aje kuomba kaburini. Kila mara pasta alimjibu, "Lete shahidi, mama."

Ogola alifungua chumba cha kwanza na cha pili, akatoa tope la kawaida. Chumba cha tatu kilikuwa kimeota chumvi nyeupe. Akakikwangua polepole, akakisuuza kwa maji ya mvua, na sauti ya Mathew ikatoka.

"Klifot, pomba ya preki imepasuka."

Chepkurui alikuwa akichambua mboga. Akaweka sufuria chini. Hivyo ndivyo mumewe alivyoongea siku zote za maisha yake. B na p kwake zilikuwa mtu na ndugu yake. Yeyote aliyekuwa karibu ndiye aliyetumwa.

"Kwani majani itangoja?" ikajibu sauti ya pili, na ilikuwa ya Clifford. "Peleka tu hivyo. Jumatatu tutaona."

Ukafuata mngurumo wa injini, kisha vyuma na matawi, kisha kimya. Halafu Mathew tena, chini chini: "Ni pomba. Mwambieni Chepkurui ni pomba."

"Huo ni moto wa siku ile," Ogola alisema akifuta kisu. "Ulikwama hapa. Ndio maana betri ilikuwa haishiki chaji, Mama Chelangat. Chumba moja ilikuwa imejaa."

"Naweza kusikia tena?"

"Gusanisha hizi waya mbili."

Akasikiliza mara nne. Mara ya tano akalia, na hakikuwa kilio cha msiba, kilikuwa cha hasira. "Bomba! Miaka miwili wananiambia pombe, na mtu alisema bomba! Bomba ya breki! Si afadhali wangenitukana?"

Ogola alibadilisha sahani zilizooza katika vyumba vingine. Kile cha tatu hakukigusa tena. Akatia asidi, akarudisha lami, akamwagia magadi pale asidi ilipodondoka kwenye majani. Betri ikaenda Longisa, ikarudi imejaa.

Jumapili ya juma lililofuata, baada ya ibada, Chepkurui aliingia nayo kanisani akiwa ameibeba mgongoni kwa leso, kama alivyombeba bintiye Chelangat akiwa mchanga. Ogola alimfuata na waya. Clifford alikuwa ameitwa, akaja, akaketi mbele. Betri ikawekwa juu ya benchi, waya zikagusanishwa, na Mathew akasema yote aliyokuwa nayo, kutoka bomba hadi bomba. Watu walisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja wa nyuma aliomba sauti iongezwe kidogo, Ogola akamwambia haiongezeki.

"Sauti ni ya Mathew," Pasta Johana alisema. "Hiyo siwezi kataa. Lakini si amesema mwenyewe? Bombe."

"Bomba, pasta! Bomba ya breki!"

"Bombe ni bombe, mama."

Pasta huyu alikuwa amehubiri dhidi ya bombe kwa miaka ishirini, akiwasomea watu Piplia kila Jumapili, na hakuna hata muumini mmoja aliyewahi kurudi nyumbani amechanganyikiwa. Kama kulikuwa na mtu duniani wa kumwelewa Mathew, ni yeye. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mkono wa kiwanda haukuwa mtupu: mabati mapya ya kanisa yalikuwa pale juu ya vichwa vyao, hayajapata hata kutu.

"Na hiyo preki je?" Ogola aliuliza. "Kuna pombe inaitwa preki?"

Pasta akafunga kitabu.

Chepkurui akamgeukia Clifford. "Na hiyo sauti ingine ni ya nani?"

"Ni yangu," Clifford alisema bila taabu. "Nilisema Jumatatu. Jumatatu ilipofika, lori ilikuwa bondeni. Ningetengeneza nini?"

Watu wakakubali kwamba hapo karani alikuwa na hoja. Yeye akainama, akagusanisha waya kwa mkono wake, akatazama cheche. Mathew akamwita jina, "Klifot." Akamwacha amalize.

"Hii betri inashika moto vizuri kabisa," alisema. "Mama, wewe ulipewa chakavu. Hii si chakavu. Hii ni mali ya kiwanda."

Wanaume wawili wa kanisa walimsaidia kuipandisha kwenye pikapu ya kiwanda. Leso akamrudishia Chepkurui, ikiwa imekunjwa vizuri.

Njiani Ogola alijaribu kumfariji. "Sikio la kufa halisikii dawa, Mama Chelangat."

"Hiyo si masikio ya kufa, fundi," Chepkurui alisema. "Ni mazima. Ni mazima kabisa."

Betri ilifungwa kwenye lori jingine, linaloendeshwa na kijana anayeitwa Kimeli. Kila siku saa kumi jioni linafika kituo cha majani kule Merigi, na likizimwa, kabla wanawake hawajaanza kupima, Mathew anasema chini ya boneti kwamba bomba la breki limepasuka. Clifford anamjibu humo humo. Kimeli amezoea, hata redio hahitaji, anasema. Kitabu cha kanisa kiko vile vile, na kaburi halijaombewa.

Chepkurui hupanga foleni na kikapu chake kama wengine. Sauti ikifika pale inapomtaja, hujibu, "Nimesikia, Mathew," na kupandisha majani yake kwenye mizani, kwa sababu nyuma yake kuna watu wanangoja.

Wiki iliyopita alimuuliza Kimeli hali ya lori. Kimeli alisema liko sawa, ila pedeli ya breki imeanza kuzama, lazima aikanyage mara tatu ndipo ishike. Amemwambia Clifford, na Clifford amesema Jumatatu wataona. Siku hizi wanawake wa Merigi hupanga foleni upande wa juu wa barabara.