Mgongo wa Ukurasa

Siku Mwalimu Guamán alipowaagiza wanafunzi wake watengeneze tovuti, alianza kwa kupiga marufuku uongo.

"Sitaki tovuti za kampuni hewa," alisema, akipita katikati ya kompyuta za shule ambazo nusu yake ziliunguruma kama friji mbovu. "Wala sitaki maneno ya kujazia nafasi. Kila mtu achague kitu anachokijua, kitu cha nyumbani kwao. Tovuti ni nyumba, jamani. Nani atatembelea nyumba tupu?"

"Ticha, sisi nyumbani tuna nguruwe tu," alisema Anderson Cango, aliyekaa jirani na Dayra.

"Basi tutengenezee tovuti ya nguruwe. Na picha yako uiweke juu kabisa."

Darasa likaangua kicheko. Dayra Preciado alicheka na wenzake, lakini aliacha kabla yao. Kitu cha nyumbani kwao! Nyumbani kwao kulikuwa na jambo moja tu la kusimulia, na hilo ndilo lisilosemwa.

Hapo Loja, mji wa milimani wa manyunyu na kahawa, mama yake alijulikana kwa jina la Doña Nelly, yaani Bi Nelly. Jina lake halisi, Eufemia Corozo, lilibaki pwani, Esmeraldas, pamoja na kibanda chake cha chakula karibu na bandari. Mchana mmoja kijana alipigwa risasi akiwa mezani pa kibanda hicho, sahani ya samaki mbele yake, na Eufemia akamwona mpigaji waziwazi. Wateja wengine wote walidai walikuwa wameinama. Yeye alikwenda mahakamani, akasema alichokiona na kumtaja mtu kwa jina. Aliyetajwa akafungwa, wenzake wakabaki nje. Wiki iliyofuata kibanda kikateketea, na mama na binti wakapanda basi wakaikata nchi kutoka ncha moja hadi nyingine.

Tangu hapo sheria za nyumbani zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala. Jina lile halitamkwi. Picha ya sura haiwekwi popote. Aliyeambiwa mji walioko ni mtu mmoja tu, Tomasa, dada yake mama, na hata yeye hakuambiwa mtaa.

"Wale watu wana shughuli nyingi," mama alikuwa akisema, "lakini hawasahau."

Basi Dayra alichagua chakula, akidhani chakula hakina mdomo. Jumapili mama alipika encocado, samaki wa nazi wa kwao, na Dayra akaomba ampige picha akikamua tui juu ya chungu.

"Ya nini hiyo?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Kazi ya shule, mama. Mikono tu."

"Mikono tu. Ukikamata hata ncha ya pua yangu nitakupikia hiyo simu sufuriani."

Dayra alicheka, akapiga mikono tu.

Kutengeneza tovuti kukamwingia damuni kuliko alivyotarajia. Alipenda kwamba kila kitu kilikuwa na alama ya kukifungua na alama ya kukifunga: kichwa cha habari, aya, picha. Siku ya kwanza alisahau kufunga alama moja tu ya herufi nene, na ukurasa mzima ukawa unapiga kelele kuanzia juu mpaka chini. Cango akaziba masikio, akamwambia punguza sauti, dada. Dayra aliitafuta alama iliyokosekana mstari kwa mstari, akaiweka, na ukurasa ukatulia. Mtoto aliyekuwa hana mamlaka juu ya kitu chochote maishani mwake, hata juu ya jina la mama yake, alikuwa amepata mahali pa kuamuru na kutiiwa. Mnamlaumu kwa kupapenda?

Aliandika mapishi yote, mpaka kijiko cha karanga za kukaanga na kusagwa ambacho mama alitia mwishoni, jambo ambalo wapishi wengine hawakulifanya. Chini akatia sahihi ya herufi mbili, D.P. Mji hakuutaja.

Kisha likaja somo la maneno ya kando.

"Wakati mwingine unataka kujiachia ujumbe," alieleza Mwalimu Guamán, akichora ubaoni. "Unaweka alama ya mshangao na vistari viwili, unaandika unachotaka, unafunga. Kompyuta inayaruka maneno hayo. Ukurasani hayatokei."

"Hayatokei kabisa?" Dayra aliuliza.

"Msomaji hayaoni. Haya, jaribuni, kengele inakaribia."

Alikosea yule bwana kwa kuiwahi kengele, na mimi simsamehi kirahisi. Sentensi moja zaidi ingetosha. Lakini mtu aliyekaa na neno kooni miaka miwili, siku akionyeshwa shimo la kulitemea, haulizi shimo linatokea wapi. Dayra alijaribu kwanza kwa neno moja. Akaufungua ukurasa: hakuna. Akaandika sentensi: hakuna. Picha ya mikono ilikuwa pale pale, nadhifu, haina habari. Ndipo vidole vikaanza kukimbia vyenyewe.

Aliandika: *Mikono hii ni ya mama yangu, Eufemia Corozo, mpishi bora kuliko wote Esmeraldas. Si Nelly. Alisema ukweli peke yake wakati wanaume wazima walipoinama. Sasa tunakaa Loja, ghorofani kwa Doña Zoila mwenye duka la uzi karibu na mto, na hakuna anayejua yeye ni nani. Mimi najua.*

Akafunga alama. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na Cango, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Tovuti ziliporushwa hewani, Mwalimu Guamán aliisifu ya Dayra kuliko zote, akaiweka na kwenye ukurasa wa shule ili wazazi waione. Watu wakaipenda, wakaipeleka mbele kama watu wanavyopeleka vitu vya kula. Dayra alikuwa ameweka kisanduku cha wageni kuandika ujumbe, nao ukawa unamfikia kwenye simu. Cango aliandika akiomba sahani mbili na kijiko. Shangazi wa mtu fulani aliuliza kama tui la kopo linafaa.

Halafu ukaja ujumbe usio na jina.

"Encocado yenye karanga niliila mara moja tu maishani, Esmeraldas, bandarini. Nani alikufundisha, binti?"

Dayra aliusoma mara tatu. Furaha ndiyo iliyotangulia, lazima niseme kweli, kwa sababu kuna mtu duniani alikumbuka mkono wa mama yake. Hofu ikafuata nyuma, ikaikanyaga. Hakujibu. Alijiambia kwamba karanga si ushahidi, karanga zipo kila mahali, asipojibu mtu huyo atachoka.

Jumamosi mchana ukaja wa pili.

"Usijisumbue kujibu. Nimeshaona."

Ameona nini? Dayra aliipekua tovuti yake kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Aliikuza picha mpaka ikawa madoa, akitafuta dirisha, kivuli, kioo. Hapakuwa na kitu. Jumapili hakula vizuri, na mama akamshika paji la uso akimuuliza kama anaumwa. Angesema siku ile. Alifungua mdomo kabisa. Lakini mama alikuwa anaimba akipiga pasi sare yake, na ilikuwa nadra mno mama kuimba, basi Dayra akasema ni kichwa tu.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Guamán aliingia darasani akiwa na uso wa mtu anayejizuia kucheka. Aliwasha mashine ya kutupia picha ukutani, akafungua tovuti ya nguruwe ya Cango.

"Leo tunajifunza kusoma kazi za wenzetu," alisema. "Kila ukurasa mnaouona mtandaoni una mgongo wake. Unabonyeza kulia kwenye kipanya, unachagua hapa, 'onyesha chanzo', na tazameni."

Ukutani ukatokea mgongo wa ukurasa wa Cango, mistari yote, na katikati yake maneno ya kando aliyojiandikia: *Nguruwe wa tatu anafanana na Guamán akishuka ngazi.*

Darasa likalipuka. Cango akajifunika uso kwa daftari.

"Ticha, nilidhani hayaonekani!"

"Hayaonekani usoni, mpumbavu wewe. Mgongoni yanasomeka neno kwa neno." Mwalimu mwenyewe alikuwa anacheka sasa, akishika tumbo. "Ndiyo somo lenyewe, jamani. Msiandike kule kitu ambacho hamwezi kukitangaza sokoni."

"Mwalimu." Sauti ya Dayra ilitoka nyembamba. "Anaweza kuona mtu yeyote? Hata wa mbali?"

"Yeyote mwenye kidole," alisema Mwalimu Guamán, kisha kicheko kikamkauka. "Dayra? Una nini, mwanangu?"

Alikuwa ameshaanza kufuta. Alifuta maneno, akafuta picha, akafuta mapishi, akafuta ukurasa wenyewe, na alipomaliza mikono ilikuwa bado inabonyeza pasipokuwa na kitu cha kufuta. Nimeshaona, mtu yule alisema. Tangu Jumamosi. Kutoka Esmeraldas mpaka Loja, basi halimalizi hata siku mbili.

Hakuomba ruhusa. Alikimbia kwenye manyunyu bila koti, akavuka daraja, akapita duka la uzi ambako Doña Zoila, mama mwenye nyumba, alimpungia mkono akiwa na mteja. Alipanda ngazi mbilimbili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, saa nne ya asubuhi.

"Mama! Ni mimi!"

Komeo likavutwa. Mama alikuwa amevaa nguo za sokoni. Kikapu kilikuwa sakafuni kimelala ubavu, vitunguu vimetawanyika, na hakuwa ameviokota.

"Kaa chini," alisema. "Nisikilize, usilie. Leo sokoni mtu ameniita. Kwa nyuma, kwa upole tu, 'Eufemia'. Miaka miwili sijaitwa, mwanangu. Nikageuka. Kabla sijafikiri, nimeshageuka, na nadhani nilikuwa natabasamu."

"Nani alikuita?"

"Kijana. Simjui. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa duka analolitafuta, akaondoka zake. Hakuniuliza kitu. Hakunifuata hata hatua moja." Mama alijifuta mdomo kwa kiganja. "Anayejua mji huu ni Tomasa peke yake. Nimempigia. Nimemwambia maneno ambayo mtu hamwambii dada yake wa tumbo moja. Analia, anaapa kwa kaburi la mama yetu, nami nikamwambia usiniite dada tena. Nikakata simu."

Dayra alisimama akidondosha maji sakafuni. Palikuwa na njia ya kunyamaza, na ilikuwa pana, imenyooka. Ukurasa haukuwapo tena. Hakuna mtu chini ya jua ambaye angemwonyesha mama kile kilichoandikwa. Tomasa alikuwa mbali na ameshahukumiwa. Msichana wa miaka kumi na saba angeweza kukaa kimya maisha yake yote, akazeeka nayo, na mama akaendelea kumpenda vilevile.

"Si mama mdogo," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeliandika. Jina lako. Kwenye ile kazi ya shule, mahali nilipodhani hapasomeki. Nilitaka tu liwepo mahali, mama. Nilitaka liwepo tu."

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimtazama binti yake, na usoni mwake kilipita kitu ambacho Dayra hakukitegemea, kama vile amepewa zawadi na kofi kwa mkono mmoja. Kisha kikapita, akabaki yule mwanamke wa mahakamani.

"Uliandika Loja?"

"Ndiyo."

"Na mtaa?"

Dayra akaitikia kwa kichwa.

"Na nyumba?"

Huko chini kengele ndogo ya mlango wa duka ililia. Walisikia viti vikisogezwa, na sauti ya mwanamume, ya adabu, ikiuliza jambo. Maneno hayakufika juu. Kilichofika ni jibu la Doña Zoila, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimsikitikia mpangaji wake asiyetembelewa na ndugu hata mmoja.

"Doña Nelly? Yupo, yupo!" alisema kwa furaha. "Pandeni tu, msione aibu. Mlango ni mmoja."