Swali la Gari

Pale kliniki waliniita Chapchap, na jina hilo nililipenda. Foleni ikirefuka, mkuu wa zamu alikuwa akisema, "Mwiteni Chapchap aje chumba cha vijana," na kabla ya saa sita benchi lilikuwa tupu. Uuguzi unataka subira, lakini mimi subira sikujaliwa. Nilijaliwa mkono mwepesi.

Chumba cha vijana zamani kilikuwa stoo. Ndani mlikuwa na meza moja, viti viwili, mizani mbovu, na pazia badala ya mlango. Kijana yeyote wa ule mtaa wa nyumba za mabati aliyekuja kutibiwa, awe na mafua, awe na kidonda, ilikuwa lazima kwanza aulizwe maswali sita ya pombe na dawa za kulevya. Akijibu ndiyo mara mbili, anapelekwa kwa mshauri nasaha. Chini ya hapo anapewa karatasi ndogo yenye mhuri wetu inayosema hana tatizo.

Swali la kwanza ndilo lililotuvunja mbavu. Liliuliza kama kijana amewahi kupanda gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa. Gari! Watoto wanaoazimana viatu vya kwendea shule!

"Hivi walioandika hili wanaishi wapi?" niliwauliza wenzangu siku moja.

"Kwenye gereji," mmoja akajibu, tukacheka mpaka chai ikatupalia.

Tangu siku hiyo tukawa na mtindo wetu. Asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, tunachukua bunda zima la fomu na kutia alama ya hapana kwenye swali la kwanza, fomu baada ya fomu, huku tunapiga soga. Hakuna aliyetutuma. Wazo lilikuwa langu, na nilijiona mjanja kweli.

Binti wa fundi cherehani alikuja na kikohozi. Nilimfahamu mama yake, ndiye aliyetushonea sare. Mama akabaki kwenye benchi, binti akaingia, akakaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mwembamba, na viganja vigumu vya mtu anayebeba vitu vizito. Viganja vile niliviona. Sikuviuliza kitu.

"Huwa unakunywa pombe ili utulie, au ujisikie vizuri?"

Alilitupia jicho pazia. "Ndiyo. Kidogo tu."

Nikaandika moja. Mengine yote akajibu hapana, nami nilikuwa nimeshaunyoosha mkono kuchukua mhuri.

"Hilo la juu hujaniuliza," akasema. Alikuwa anaisoma fomu kichwa chini miguu juu.

"Hilo ni la wenye magari, mwanangu. Kwani nyinyi mna gari?"

Akatabasamu kwa aibu. "Hatuna."

Lakini hakuinuka. Alikaa anazungusha kifungo cha blauzi, nami nikasimama nikashika pazia, maana nje kulikuwa na watu kumi na wanne.

"Kuna kingine?"

"Hamna, nesi."

Nikagonga mhuri. Mama yake aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akanishukuru mpaka nikaona haya.

Wiki tano baadaye, Jumamosi mchana, pikapu ya kusambaza soda ilipinduka karibu na soko. Dereva alikuwa kaka wa yule fundi cherehani. Binti alikuwa pembeni yake. Kila Jumamosi alikuwa akienda na mjomba wake kushusha makreti, na mjomba alianza kunywa tangu asubuhi, akimmiminia na mpwa wake kidogo, eti makreti yawe mepesi. Haya binti aliyaeleza mwenyewe kwa daktari. Mjomba alitoka na mchubuko kwenye paji la uso. Binti alikatwa mguu chini ya goti.

Niliposikia, niliacha chakula mezani. Nikaenda hospitali nikiwa nimejipangia maneno yangu yote: fomu niliijaza kabla hajaingia, mwanao alitaka kusema, mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Njia nzima niliyarudia kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mama alinipa kiti chake. Binti alikuwa amefumba macho.

"Nesi, nikwambie kitu," mama alianza. "Kuna Jumamosi alirudi ananuka pombe. Nikasema basi, haendi tena na mjomba wake. Halafu nikaikumbuka ile karatasi yenu. Nikajiambia, wataalamu wamemchunguza mwanangu hana tatizo, ya nini nimwonee kaka yangu?"

Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Daktari anasema kwenye maswali yenu lipo la gari," akaendelea. "Mlimuuliza?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno nilikuwa nayo mdomoni.

"Lipo," nikasema. "Kwenye fomu jibu ni hapana."

Mama alimgeukia binti yake. "Mbona ulimdanganya nesi, mwanangu? Ungesema tu ungesaidiwa."

Binti alifumbua macho. Alinitazama mimi, si mama yake, akanitazama muda mrefu, na nilijua anakumbuka kila neno. Nikasubiri aniumbue. Wallahi nilitaka aniumbue, maana mwenyewe nilikuwa nimeshindwa.

"Niliogopa, mama," akasema.

"Basi mwombe nesi msamaha. Amekuja mpaka huku kukuona."

"Nisamehe, nesi."

Nami, Mungu ananiona, nikamshika mkono nikamwambia, "Usijali, mwanangu. Yamekwisha."