Biskuti za Mbwa wa Wazungu

Tangu juzi Justina alijua. Alikuwa akichekecha ngano iliyofagiwa sakafuni ghalani, aliyoletewa na mumewe Basili kutoka shamba la serikali, akaona punje nyekundu. Wekundu ule ni wa mbegu iliyopakwa dawa ya wadudu. Hapa Hanang hata mtoto anajua haifai kumpa kuku. Akaziokota alizoziona, zilizobaki akazisaga. Mwenyewe alijua mkono wake ulikuwa na haraka.

Biashara yake ilikuwa hiyo: biskuti za ngano, pumba na mifupa ya kusaga, anaziuza kwenye duka la shamba kwa wataalamu wa kizungu wenye mbwa. Juu ya kila mfuko huchora mbwa kwa mkaa. Safari hii moyo ukagoma kabisa kutulia. Leo mchana uzalendo ukamshinda, akaenda dukani kuuchukua tena mfuko aliouza.

"Umechelewa, dada," alisema Yoakimu, muuza duka. "Mzee Gidabuday kaununua. Binti yake kajifungua."

"Yoakimu! Hukumwambia ni za mbwa?"

"Nimemwambia, akanicheka. Mtu gani mwenye akili ananunulia mbwa chakula? Akaniuliza, kiberiti chenye picha ya samaki kina samaki ndani?"

Mama yangu! Justina alikatiza katikati ya shamba la ngano, gauni likinasa. Mzazi mbichi, na kichanga kinanyonya! Na wakimwita mchawi, nani atamtetea? Aliogopa, lakini hakusimama.

Gidabuday alikuwa ameketi mbele ya nyumba ya bintiye, mfuko wazi mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mbona unahema hivyo?"

"Mzazi ameshakula?"

"Bado. Kwetu chakula cha mzazi huonjwa kwanza na aliyekipika, na Yoakimu kaniambia ni wewe. Nilikuwa natuma mtu akuite, na wewe huyo umefika!" Akamnyooshea biskuti, anatabasamu. "Haya, onja."

Mlangoni bibi wawili walikuwa wakimtazama mdomo. Angeweza kusingizia jino. Uongo ulikuwa tayari ulimini, jamani, na ulikuwa mtamu.

"Baba, usimpe. Zina dawa ya mbegu."

Tabasamu likaisha. Mzee akaurudisha mkono polepole.

"Ulijua lini?"

"Juzi. Nikichekecha."

"Na bado ukapika?"

"Nilidhani watakula mbwa tu, baba."

Ndani kichanga kililia, mama yake akakibembeleza. Mzee aliinuka, akamwongoza mpaka nyuma ya zizi. Mbwa wa kulinda ng'ombe alikuwa amelala ubavu, povu mdomoni, miguu ikitetemeka. Alipomwona mzee akajaribu kutikisa mkia.

"Moja iliniponyoka njiani, akaidaka," alisema Gidabuday. "Mimi nikafikiri ameshiba vibaya." Akamfuta mbwa povu. "Huyu ndiye anayenilindia ndama. Kaa chini, binti. Kaa naye wewe, mpaka akate roho."